Bei ya Neno la Haki

Neno halipimwi kwa kibaba wala kwa mizani, lakini halikosi bei. Anenaye haki hulipa, na asikilizaye hulipa. Na mara nyingi baina ya hao wawili husimama mtu wa tatu, asiyenena wala asiyesikiliza, naye ndiye apokeaye fedha. Katika zama hizi, ambapo nyimbo huuzwa kama zinavyouzwa chumvi na nguo, jambo hilo limezaa swali ambalo kila apendaye fasihi hana budi kulikabili. Je, neno la kulaani udhalimu likitiwa katika bidhaa, likauzwa na mfanyabiashara ambaye haja yake ni faida, hubaki neno lile lile? Au hugeuka sauti tupu, ipendezayo masikio na kuiacha dhamiri usingizini?

Nia yangu ni kulichungua swali hili kwa mfano mmoja, maana mfano mmoja uliotazamwa pande zote hufaa kuliko kumi iliyotajwa kwa haraka. Mfano wenyewe ni albamu ya kundi la wanamuziki wa London lililoitwa The Clash. Albamu hiyo ilitolewa Uingereza tarehe 12 Desemba, 1980, kwa jina la Sandinista!, nayo ilikuwa ya muziki wa punki. Yamkini msomaji atashangaa kuona muziki huo, uliovumishwa kwa makelele na nguo zilizochanwa, ukiletwa katika kurasa hizi. Wahenga walikwisha kumjibu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya nyumba hii mna mashauri ya maana juu ya mali, ukweli na uaminifu, nayo yanawahusu watunzi wa kila lugha.

Punki ulichipuka mijini New York na London katikati ya miaka ya 1970. Katika mwaka wa 1976 watu wasio na kazi Uingereza walizidi milioni moja, na vijana wengi waliomaliza shule hawakuona mlango uliofunguliwa mbele yao. Muziki wa roki wa siku zile ulikuwa umekwisha kuwa kazi ya matajiri, wenye vyombo vya thamani na ustadi wa miaka mingi. Punki ulisema kuwa kijana mwenye gitaa la bei rahisi na jambo la kusema amekwisha kutimiza masharti ya kuimba. Kundi la The Clash liliundwa katika mwaka huo. Joe Strummer na Mick Jones waliimba na kupiga magitaa, na Paul Simonon alipiga gitaa la besi. Topper Headon akaingia mwaka wa 1977 kuwa mpiga ngoma. Mwezi wa Agosti, 1976, Strummer na Simonon walikuwapo katika sherehe ya mtaa wa Notting Hill wakati vijana weusi walipopambana na polisi, na wimbo wao wa kwanza kutolewa ulizaliwa na tukio hilo. Tangu mwanzo, basi, walijulikana kuwa kundi lenye neno juu ya siasa.

Lakini tangu mwanzo vilevile walikuwa na doa machoni pa wenzao. Mwezi wa Januari, 1977, walitia sahihi mkataba na CBS, kampuni kubwa ya Kimarekani, kwa pauni 100,000. Wapenzi wengine wa punki walisema kuwa siku ile ndiyo siku punki ilipokufa. Mwaka ule ule kampuni ikatoa wimbo wao mmoja bila ya ridhaa yao. Wakajibu kwa kutunga wimbo mwingine, Complete Control, wa kuishutumu kampuni ile ile. Kampuni haikukasirika. Iliupokea wimbo wa kuitukana, ikaupiga chapa katika sahani za santuri, ikaupeleka madukani, ikahesabu mapato. Hapa ndipo ugumu wa swali letu unapoonekana wazi. Mtawala wa zamani akitukanwa alimfunga mshairi, na kwa kumfunga alikiri kuwa neno la mshairi lina nguvu. Soko la leo likitukanwa huuliza tu nakala ngapi zitanunuliwa. Mshairi aliyefungwa hajui raha, walakini anajua kuwa amesikiwa. Mshairi aliyeuzwa vizuri hawezi kuwa na hakika hata hiyo.

Baada ya kufahamu hayo twaweza kuitazama Sandinista! yenyewe. Ilitengenezwa katika mwaka wa 1980, mahali pengi: Manchester, Kingston katika Jamaika, New York, kisha London. Katika studio za New York walikaa majuma kadhaa, wakitunga na kurekodi hapo hapo. Simonon alipokuwa hayupo kwa sababu ya kazi ya sinema, Norman Watt-Roy alimshikia gitaa la besi, na Mickey Gallagher akapiga kinanda. Mikey Dread, mtangazaji na mtengenezaji wa rege kutoka Jamaika, alitia mkono wake katika nyimbo kadhaa. Walichokitoa mwishoni kilikuwa kikubwa kuliko kilivyotazamiwa: sahani tatu katika jalada moja, nyimbo 36, sita kila upande. Mna rege, jazi, nyimbo za kanisa, waltzi, muziki wa Karibea, na maneno ya kusemwa juu ya mapigo ya ngoma, mtindo ambao vijana weusi wa New York ndio kwanza walikuwa wakiujulisha ulimwengu.

Jina lilitoka Nikaragua. Augusto César Sandino alikuwa kiongozi aliyewapiga vita wanajeshi wa Marekani nchini mwake, na mwaka wa 1934 akauawa na walinzi wa taifa chini ya Anastasio Somoza García. Ukoo wa Somoza ukaishika nchi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwezi wa Julai, 1979, chama kilichojiita kwa jina la Sandino kiliupindua, na wapiganaji wake wakaingia Managua tarehe 19 ya mwezi huo. Strummer alieleza kuwa rafiki mmoja wa California ndiye aliyemzindua juu ya habari hizo. Kundi likalichukua jina la wapiganaji wale na kulibandika juu ya bidhaa ya kampuni ya Kimarekani, hata nambari ya albamu katika orodha ya kampuni ikawa FSLN1, herufi nne za kwanza zikiwa ni za chama hicho. Kijana wa Uingereza aliyeingia dukani kutafuta muziki alikutana na neno asilolijua, na ilimpasa aulize maana yake.

Kisha kuna bei. Kundi lilitaka sahani tatu ziuzwe karibu na bei ya moja, ili mnunuzi maskini asikose. Kampuni haikuona faida katika shauri hilo. Mapatano yakawa kwamba albamu itauzwa chini ya pauni sita, na wanamuziki wataacha mrabaha wao juu ya nakala 200,000 za kwanza zitakazouzwa Uingereza. Katika nchi hiyo albamu ilifika nafasi ya 19 tu katika orodha ya mauzo; basi kafara ile haikuwa ya maneno matupu. Waliokuwa na deni kwa kampuni walizidi kuchelewa kulilipa. Wahenga wasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Shitaka la kwanza dhidi ya albamu hii ni la unafiki. Mshitaki husema hivi: aliye adui wa mali hawezi kuwa mtumishi wa mali, mwenye kuimba sifa za wapinduzi hali amefungwa na mkataba wa kampuni kubwa ni mwongo, hata kama kila neno lake ni kweli. Waliosema hivyo hawakuwa wavivu wa kutenda. Kundi la Crass, lililokaa pamoja katika nyumba ya mashambani katika jimbo la Essex, lilikataa makampuni makubwa. Katika mwaka wa 1978 wafanyakazi wa kiwanda cha sahani huko Ayalandi walikataa kuupiga chapa wimbo wao mmoja kwa kuuona ni kufuru. Crass wakaacha mahali pa wimbo huo kimya, wakakipa kimya hicho jina la sauti ya uhuru wa kusema. Baadaye walianzisha chapa yao wenyewe, na juu ya majalada wakaandika bei ambayo mnunuzi asikubali kuizidisha. Wala hawakuwasamehe The Clash kwa mkataba wa 1977. Waliwashutumu katika wimbo.

Ukilitazama shitaka hili kwa haraka utaona kuwa Crass wameshinda. Mikono yao ilikuwa safi zaidi. Lakini swali la maadili haliishii katika usafi wa mikono. Neno la haki lina wajibu wa namna mbili: wajibu wa kutotiwa taka na wajibu wa kumfikia mtu. Mwenye kuutimiza wa kwanza peke yake aweza kukaa na ukweli wake kama bahili akaavyo na dhahabu, na mwenye kuutimiza wa pili peke yake aweza kumfikia kila mtu na asiwe na lolote la kumpa. Mtu aliyezinunua sahani za Crass aghalabu alikuwa amekwisha kuamini nusu ya yale yaliyomo. Mtu aliyeinunua Sandinista! katika mji mdogo wa Marekani huenda hakuwa amepata kusikia neno lolote juu ya Nikaragua ila kutoka kwa serikali yake. Siwezi kusema kuwa njia moja ni haki na ya pili ni batili. Twaweza kusema tu kwamba kila njia ina kodi yake, na unafiki huanza pale mpita njia anapokataa kuilipa kodi ya njia aliyoichagua. Wale wa Essex waliilipa yao kwa kusikiwa na wachache. The Clash, kwa albamu hii, waliilipa yao kwa kuacha fungu lao la mapato. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na hapa kitendo kilikuwapo.

Hata hivyo yafaa tukiweke kitendo hicho katika kipimo chake. Katika wimbo mmoja wa albamu, Washington Bullets, limetajwa jina la Víctor Jara, mwimbaji wa Chile. Jara alikamatwa baada ya wanajeshi kuipindua serikali ya Salvador Allende tarehe 11 Septemba, 1973, akateswa na kuuawa katika uwanja wa michezo mjini Santiago. Naye aliimba juu ya haki, naye alikuwa na sahani zake madukani. Jara alilipa kwa roho yake. Vijana wa London walilipa kwa mrabaha. Wakilinganishwa naye, wao ni wadogo. Lakini si haki kumdai kila mtu alipe kwa damu ndipo tumwamini. Mtu hulipa kwa sarafu ambayo mahali pake na wakati wake umemdai. Aibu ingekuwa kwao lau wangelitaja jina la Jara na wasitoe kitu. Au lau wangelitoa kidogo wakadai wahesabiwe pamoja naye.

Shitaka la pili ni la umbali. Ni nani aliyewapa vijana wa London mamlaka ya kusema kwa niaba ya watu wa Managua, Santiago na Kingston? Strummer mwenyewe, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Mellor, alikuwa mwana wa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Uingereza. Alizaliwa Ankara na kusomeshwa katika shule ya bweni. Walipokwenda Kingston kurekodi, iliwalazimu kuondoka upesi, kwa sababu watu wa mtaa walikuja kudai fedha kwa wageni wenye studio. Kisa hiki wamekisimulia wao wenyewe. Ndani yake mna kejeli chungu: waliokuja kuuenzi muziki wa maskini walimkimbia maskini alipokuja kudai. Siandiki hivi ili kuwadhihaki; kijana mwenye gitaa hawezi kuitibu njaa ya mtaa mzima. Lakini kisa chafaa kutukumbusha kuwa kumwimbia mtu na kukaa naye ni mambo mawili, na la kwanza ni jepesi.

Jambo la umbali lilionekana tena kwa namna nyingine mjini New York, mwaka wa 1981. The Clash walikuwa wamepangiwa maonyesho manane katika ukumbi wa Bond's. Tiketi ziliuzwa kupita kiasi, na wakuu wa zimamoto wakapunguza idadi ya watu walioruhusiwa kuingia. Kundi likaamua kukaa mjini na kufanya maonyesho 17, ili kila mwenye tiketi apate haki yake. Huo ulikuwa uaminifu. Tena waliwaalika Grandmaster Flash na wenzake, vijana weusi wa Bronx, wafungue onyesho. Maana ni kwao walikojifunza ule mtindo wa maneno yasemwayo juu ya ngoma. Watazamaji, walio wengi vijana weupe wapenzi wa The Clash, waliwazomea wageni hao na kuwatupia vikombe. The Clash waliwakemea watazamaji wao. Lakini tafakari, msomaji: hawa ndio watu walionunua albamu yenye kuwatetea wanyonge wa nchi za mbali, nao hawakuweza kumvumilia kwa nusu saa kijana aliyetoka mtaa wa pili wa mji wao.

Basi umbali hauko baina ya mwimbaji na Managua peke yake. Uko baina ya sikio na moyo wa msikilizaji. Kumpenda aliyeonewa mbali hakuna gharama. Hapigi hodi, haombi kazi, hashindani nasi katika basi. Mimi naona kuwa kosa la wimbo wa siasa si kuwataja watu wa mbali. Kuwataja ni wema, maana asiyetajwa husahauliwa, na asiyekumbukwa huonewa mara ya pili. Hatari iko kwa msikilizaji kuitumia huruma ya mbali iwe udhuru wa ukatili wa karibu. Hatari hiyo mwimbaji hawezi kuiondoa yote, ila aweza kufanya walivyofanya The Clash usiku ule: kusimama mbele ya wapenzi wake na kuwakemea, ingawa wao ndio waliolipa kiingilio.

Shitaka la tatu ni la wakati, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika mwaka wa 1980 ilikuwa vigumu kwa mpenda haki kutoisifu Nikaragua. Serikali mpya ilifuta adhabu ya kifo. Maelfu kwa maelfu ya vijana walipelekwa mashambani kufundisha watu wazima kusoma, na kwa hesabu za serikali hiyo wasiojua kusoma walipungua kutoka nusu hivi ya watu hadi asilimia 13 hivi. Padri na mshairi Ernesto Cardenal akawa waziri wa utamaduni. Kisha siku zikapita. Marekani iliwapa silaha na fedha waliopigana na serikali hiyo, na mwaka wa 1986 Mahakama ya Kimataifa ikaamua kuwa Marekani imevunja sheria. Serikali nayo haikukosa madhambi yake: tangu mwanzo wa mwaka wa 1982 maelfu ya watu wa kabila la Miskito waliondolewa kwa nguvu katika vijiji vyao kando ya mto Coco. Daniel Ortega alishindwa katika uchaguzi wa 1990, akarudi katika urais mwaka wa 2007. Mwaka wa 2018 watu waliomiminika barabarani kumpinga walipigwa risasi, na zaidi ya mia tatu walikufa. Dora María Téllez, aliyekuwa kamanda wa wapinduzi dhidi ya Somoza, alifungwa na wenzake wa zamani mwaka wa 2021, na mwezi wa Februari, 2023, akafukuzwa nchini pamoja na wafungwa wengine zaidi ya mia mbili, wakavuliwa uraia. Mwezi huo huo mwandishi Sergio Ramírez, aliyepata kuwa makamu wa rais wa wapinduzi hao, naye alivuliwa uraia. Cardenal alikwisha kukihama chama katika miaka ya 1990, akawa mpinzani wa Ortega hadi alipokufa mwaka wa 2020.

Basi jina lililopigwa chapa juu ya albamu ile limekuwaje? Leo linatumiwa na wafungaji, nalo hapo kwanza lilikuwa la waliofungwa. Je, sifa iliyotolewa mwaka wa 1980 imekuwa uongo mwaka wa 2018? Wako wasemao kuwa ndiyo, na kwamba mtunzi asimsifu mtu hai wala chama kilicho hai. Shauri hili lina hekima ya woga ndani yake. Likifuatwa, hakuna atakayetetewa ila wafu, na wafu hawahitaji utetezi wetu kama wauhitajivyo walio hai.

Naona ni afadhali kumhukumu mwenye kusifu kama tumhukumuvyo shahidi barazani kwa kadhi. Shahidi haulizwi kama mambo yaligeuka baada ya siku ya ushahidi. Huulizwa mambo matatu: ulikijua nini, ulikitafuta kwa bidii gani, na ulinyamazia nini kwa sababu kilikuchukiza? Kwa swali la mwisho wimbo nilioutaja una jibu jema kuliko wengi wanavyodhani. Hauilaumu Marekani peke yake. Unautaja pia uvamizi wa Warusi katika Afghanistani, ulioanza Desemba, 1979, na hali ya Tibet chini ya Wachina. Wala Uingereza, nchi ya waimbaji wenyewe, haikusazwa. Katika siku zile za vita baridi, ambapo kila upande ulikuwa na wasifu wake wa kudumu, kuwalaumu wakubwa wote katika wimbo mmoja kulikuwa ni kukataa kuwa mtumishi wa yeyote. Mtunzi aliyefanya hivyo ametuachia kipimo, na kwa kipimo hicho hicho twaweza leo kumpima Ortega. Sifa ilikuwa ya tendo: watu wadogo kumwondoa dhalimu na kujifunza kusoma. Waliolibeba jina na kuliacha tendo, hao ndio walioiasi albamu; albamu haikuwaasi.

Lakini shahidi hamalizi wajibu wake kwa kushuka kizimbani. Aliyemsifu mtu ana deni la kuendelea kumtazama. Strummer alikufa Desemba, 2002, hakuyaona ya 2018. Deni hilo basi limewaangukia wasikilizaji. Asikilizaye leo neno lile likipigiwa kelele katika wimbo, akaona fahari ya ujana wake bila kuuliza habari za wafungwa wa Managua, amekigeuza kitu kilicho hai kuwa pambo la ukutani.

Yabaki kunena juu ya namna albamu ilivyopokewa kama kazi ya sanaa. Baadhi ya wahakiki wa magazeti ya London waliiona ndefu mno, isiyo na mpango, na iliyoiacha punki. Walisema lau ingekatwa ikawa sahani moja ingekuwa bora. Marekani ilipokewa vingine: ilifika nafasi ya 24 katika mauzo, na katika kura ya wahakiki iliyoendeshwa na gazeti la The Village Voice ilichaguliwa kuwa albamu bora ya mwaka wa 1981. Tofauti hiyo yafundisha kitu. Nyumbani walitazamiwa wafanane na walivyokuwa jana. Ugenini waliruhusiwa kuwa walivyo leo.

Kwamba nyimbo nyingine katika zile 36 ni dhaifu, sina ubishi. Upande wa sita, kwa sehemu kubwa, una nyimbo zilizokwisha kusikika zikirudiwa kwa sura nyingine. Mhariri mkali angeliufuta. Ila ule wingi wenyewe una maana ya kimaadili ambayo mhakiki wa sauti peke yake haioni. Soko hupenda kuuza kidogo kwa bei kubwa. Hapa mnunuzi alipewa kingi kwa bei ndogo, akaachiwa achague mwenyewe. Katika karamu ya arusi mwenyeji hapimi wali kwa kijiko. Wengine watasema kuwa huo ni utovu wa nidhamu uliovaa kanzu ya ukarimu, nami nakubali kuwa mpaka baina ya mambo hayo mawili ni mwembamba. Nidhamu ni deni la mtunzi kwa sanaa yake, na ukarimu ni deni lake kwa watu. Mara chache mtu hupata nafasi ya kuyalipa yote siku moja.

Baada ya hapo njia ilizidi kuteleza. Albamu iliyofuata, ya mwaka wa 1982, iliuzwa Marekani kuliko zote zilizotangulia. Mwezi wa Mei, 1983, walilipwa dola 500,000 kwa kuimba katika tamasha kubwa huko California, na nyuma yao wakatundika kitambaa chenye maandishi kuwa The Clash hawauzwi. Kiasi kile cha fedha na maandishi yale hayakuweza kukaa pamoja bila kugombana. Kabla ya mwaka huo kwisha Jones alikuwa amekwisha kutolewa katika kundi, na mwaka wa 1986 kundi lilikuwa limekwisha. Mwaka wa 1991 wimbo wao mmoja wa 1982 ulitumiwa kutangaza suruali za Levi's, ukafika nafasi ya kwanza Uingereza, mahali ambapo hakuna wimbo wao wowote uliopata kufika walipokuwa pamoja.

Nimeyataja haya mwishoni kwa makusudi, ili mtu asidhani kuwa namwandikia yeyote hati ya utakatifu. Kundi hilo hilo liliacha fungu lake mwaka wa 1980 na kupokea nusu milioni mwaka wa 1983. Binadamu ndivyo alivyo, na kila tendo lake hukaa kivyake katika hesabu. Ubaya wa baadaye haufuti wema wa kwanza, kama ambavyo wema wa kwanza haulipii ubaya wa baadaye. Kwa hiyo jibu la swali letu haliko katika kuuliza kama neno liliuzwa; karibu kila neno lifikalo mbali limepita mkononi mwa muuzaji, na gazeti hili unalolishika, msomaji, lilipigwa chapa na mtu aliyelipwa. Yatupasa kuuliza, kila mara upya na kwa kila kazi: mnenaji ametoa nini chake? Ameuficha ukweli gani kwa kumwogopa nani? Neno lake akiligeuzia mwenyewe na wapenzi wake, je, atastahimili? Kwa maswali hayo Sandinista! yasimama, ingawa kwa kuyumba. Tamasha la 1983, kwa maswali hayo hayo, laanguka.

Wanafunzi wa leo, ambao kesho watakuwa watunzi wa lugha yetu, watakutana na mkataba kabla ya kukutana na msomaji. Hakuna wa kuwashauri wakatae kila mkataba. Lakini kabla ya kutia sahihi na waandike pembeni, kwa mkono wao wenyewe, ni kitu gani walicho tayari kukiacha ili neno lifike bila ya kuharibika. Na mwaka ukipita warudi wakisome walichokiandika.